Kwaya ya Wayunani Mjini Stafford

Mdogo wangu, sina mvi za kukupa nasaha, ila miaka michache niliyokutangulia imenichapa vya kutosha. Iko Jumamosi moja ya mwaka 2018 ambayo siisahau. Nilifika mazoezi ya kwaya yetu ya kanisa mjini Stafford, huku ughaibuni, nikiwa sijalala vizuri kwa wiki tatu, na swali lililoninyima usingizi lilikuwa moja tu: mimi, mtoto wa Morogoro, nina haki gani ya kutunga wimbo wa Wagiriki wa kale?

Nilikuwa nimehitimu shahada ya muziki. Chuoni tulifundishwa jinsi watunzi wa karne iliyopita, walipochoshwa na muziki waliorithi, walivyorudi kwenye tamthilia za Wagiriki: vinyago, midundo mikavu, kwaya inayosema kama mtu mmoja. Nikapenda. Nikatunga wimbo wa wanawake wa mji ulioteketezwa vitani, wakiwalilia waume zao. Chuo kikanipa nafasi kwenye tamasha la watunzi wapya, kwa sharti nitaje waimbaji wangu ndani ya wiki tatu. Nisipowapata, nafasi anapewa mwingine.

Badala ya kutafuta waimbaji, nikatafuta uhakika. Nikasoma kujua Wagiriki walipandisha na kushusha sauti vipi hasa. Muziki wao uliosalia ni vipande vichache tu, basi kila kitabu kikanizalia shaka mpya. Na kwaya yangu mwenyewe niliipita, kwa sababu inasoma do-re-mi, zile herufi d, r, m, wala si noti za chuoni. Niliona aibu, niseme kweli: miaka minne ya chuo, halafu nirudi kwenye herufi za kanisani?

Mama Neema, nesi wa mji jirani wa Pearland na mwalimu wetu wa kwaya, akanisikia nikikosea sauti ya pili mara tatu.

"Wewe, leo umeimeza hiyo sauti au umeiacha nyumbani?"

Wenzangu wakacheka. Nikamweleza yote.

"Hao watunzi waliokufundisha," akauliza, "waliwahi kuwasikia hao Wayunani wakiimba?"

"Hapana, mama. Hakuna aliyewasikia."

"Kumbe walikisia! Wao wakikisia ni watunzi, wewe ukikisia ni mwizi?"

Nikainamia karatasi ya wimbo wangu mkononi.

"Mchagua jembe si mkulima, mwanangu. Na kulia msiba, unataka Myunani akufundishe? Bibi yako alipozikwa, wale kina mama walisoma kitabu gani? Hebu lete karatasi." Akaitazama ile mistari mitano iliyojaa noti, akawaonyesha wenzake. "Mbu wote hawa nani atawasoma? Tuandikie do-re-mi. Deadline lini?"

"Kesho kutwa."

"Na bado umesimama?"

Mdogo wangu, shaka ina adabu ya mgeni mwema: hubisha hodi taratibu, lakini ukiipa kiti haiondoki. Usingoje kujua yote ndipo uanze. Hata wale watunzi niliowasoma walianza na vipande. Wala usiwapite watu wako ukitafuta wanaofaa. Mungu akupe wa kukukemea huku wakicheka, na akujalie kazi ya mikono yako ipate sauti ukiwa hai kuisikia.

Mimi siku ile nilikaa benchi la nyuma, nikaandika herufi moja moja mpaka mistari yote ikaisha. Kwaya ikaujaribu wimbo, ikaanguka, ikaujaribu tena. Kabla hatujafunga mlango nilikuwa nimeshatuma chuoni majina ya waimbaji kumi na wanane, la kwanza likiwa la Mama Neema.