Bahari Ndiyo Iliyokula Nafasi

Mama yangu anakaa Munje, na macho yake yameanza kufunga. Jicho moja limeshaingia ukungu, la pili linafuata. Mwaka huu aliniomba jambo moja tu: "Mwanangu, nataka kumuona ndugu yangu kabla sijawa kipofu."

Ndugu yake ni mama mdogo wangu. Ameshafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa hapendi kupigwa picha. Mahali pekee alipobaki ni kwenye kanda ya video ya harusi yangu, akicheza upande wa wanawake.

TV ya mama ni ile ya kichogo, na deki yake inasoma DVD tu. Simu hataki. Anasema watu wa kwenye simu ni wadogo kama sisimizi. Kwa hiyo ile kanda ilikuwa lazima iingie kwenye DVD. Ukunda wapo vijana wanaofanya kazi hiyo, lakini ningewapaje? Mle ndani tuko vichwa wazi, mabega nje, tunacheza vile tunavyocheza tukiwa peke yetu. Hata aliyepiga video upande wetu alikuwa mwanamke. Nikasema hii nitaifanya mwenyewe.

Mimi nilirudi shule ukubwani, masomo ya jioni, na siku mbili kwa wiki tunafundishwa kompyuta, wanawake watupu. Mwalimu wetu ni dada wa bara, Mkristo, mdogo kwangu kwa umri. Aliniazima kifaa cha kuunganisha deki ya kanda na kompyuta, nikaiacha kanda icheze mpaka mwisho. Muda wa saa mbili na nusu. Likatoka faili la giga kumi na moja. Na DVD tupu niliyoipata, ya mwisho dukani, inachukua giga nne na kidogo.

"Sasa mama, lazima uibane," mwalimu akaniambia.

"Kama nguo kwenye sanduku?"

"Kama nguo. Lakini ukibana sana, zitatoka na makunyanzi."

Nikabana. Kabla ya kuichoma kwenye DVD nikaiangalia, na moyo ukanishuka. Mama mdogo akitikisa mabega, uso wake unavunjika vipande vya mraba kama sakafu ya marumaru. Akisimama kufuta jasho, uso unarudi. Akianza tena, unavunjika. Kwa mama yangu na macho yale, huyo angekuwa mtu yeyote.

Lakini nilishangaa. Nikamuuliza mwalimu, "Mbona akitulia anarudi?"

"Kwa sababu kompyuta haichori kila picha upya. Inaandika kilichobadilika tu. Mtu akitulia, kazi hakuna. Akicheza, kazi ni nyingi, na nafasi umeipa kidogo." Akanionyesha namna ya kuiambia ipite mara mbili: mara ya kwanza iangalie tu wapi pana kazi, mara ya pili igawe nafasi kwa kuangalia hiyo kazi.

Ikawa afadhali, lakini bado. Lazima kitu kitolewe. Nikaikodolea macho hutuba ya nikaha, nusu saa nzima. Nikasema astaghfirullah, nikaikata kwa kujaribu. Nafasi niliyopata ilikuwa ndogo mno! Nikacheka peke yangu. Shehe ameketi, wanaume wameketi, kinachotembea ni feni. Hutuba ilikuwa haili kitu. Nikairudisha haraka, na roho yangu ikatulia.

Basi nikaanza kutafuta ni nani anayekula. Programu ile ina mstari unaopanda na kushuka kwa kadiri ya kazi. Kwenye densi ulipanda, nilitarajia. Lakini mahali ulipopanda na kukataa kushuka hapakuwa na mtu anayecheza. Palikuwa Galu, dakika ishirini, mimi na mume wangu tumesimama mchangani kama vigingi, na nyuma yetu mawimbi. Kila wimbi linabadilika, kila povu linataka kuandikwa upya.

Nikamwambia mume wangu.

"Usiniambie unakata pale!" akasema. "Ndipo pekee nilipotoka vizuri."

"Kanda si ipo? Hapa tumesimama tu. Bahari ndiyo inayokula nafasi ya marehemu."

"Na mimi niliyekodi suti?"

"Suti nimeiona. Mama hajaomba suti."

Akanuna mpaka chakula cha mchana, kisha akasema nikate. Nikakata. DVD ile ukishaichoma haifutiki, kwa hiyo nilisema bismillahi kabla ya kubonyeza.

Munje tuliwatoa wanaume nje, tukafunga mlango. Mama akavuta kibao mpaka karibu pua yake iguse kioo. Wanawake wakapita, mmoja mmoja. Mama mdogo akaingia akicheza, na mimi nikaziba mdomo nisimtaje. Mama akakaza jicho lake moja.

"Ngoja," akasema. "Hebu simamisha."

Nikasimamisha.

"Ile leso kiunoni, si ya makorosho?"

Nikaangalia. Korosho zilionekana moja moja, na mistari ya pindo. "Ndiyo, mama."

"Leso yangu! Huyu mwanamke! Nilimuuliza, akaniapia hajaiona. Tazama anavyoikatikia!" Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, anakipiga kioo kwa kiganja, pale pale usoni pa ndugu yake. "Mwizi wee! Nimekusamehe, nimekusamehe. Mwanangu, mrudishe nyuma aingie tena."