Spana Iligonga Mara Tatu

Marehemu mume wangu, Nivaldo, akiwa uvunguni mwa gari hakuniita kwa jina. Aligonga chuma kwa spana, ko, ko, ko, nami nikajua anataka kahawa. Mtaa wetu wote hapa mjini Matanzas uliujua mlio ule. Siku ya mwisho aligonga, nikamfokea kutoka jikoni, "Subiri! Mimi si punda wako!" Nilipotoka na kikombe, tofali lililobeba jeki lilikuwa limepasuka na gari limemlalia. Sijajisamehe mpaka leo.

Gari akarithi mdogo wake, Eladio. Ni la mwaka hamsini na sita, spea hakuna, basi kila mwenye gari kama hilo ni fundi uani kwake. Eladio ana roho safi, wajawazito anawabeba bure. Lakini mbishi! Nilimkatia magogo manne ya kuegemeza gari, akayafanya viti vya kuchezea domino.

"Shemeji, jeki inatosha. Dakika mbili tu."

"Kaka yako naye alisema dakika mbili."

"Haya, umeanza!"

Jumanne moja, saa sita mchana, nilikuwa nachambua maharage meusi. Jua kali, hata mbwa kimya. Ko, ko, ko. Nikanyakua kahawa ya asubuhi, imeshapoa, nikatoka mbio.

Miguu ya Eladio ilikuwa imetokeza chini ya gari. Jeki imesimama juu ya tofali la matundu, aina ileile ya lile lililompasukia kaka yake.

"Umegonga?"

"Nigonge na nini? Mikono yote imeshika gia boksi."

"Toka unywe kahawa."

"Baadaye."

"Toka sasa hivi, Eladio, nisije nikakuvuta miguu kama mbuzi!"

Akatoka akinung'unika kwamba nitamtia wazimu. Akaonja.

"Mbona ya baridi?"

Tofali likalia ka! Gari likashuka lote, vumbi likaingia mpaka kikombeni.

Kikombe kikamponyoka Eladio, kahawa ikammwagikia miguuni. Spana zake zote zilikuwa ndani ya ndoo, kando ya mlango wangu. Ile ya Nivaldo tulimzika nayo.

Hakubisha. Alikwenda mwenyewe kuyaleta magogo, moja moja, analia.

Siku hizi kahawa naiweka tayari kabla ya saa sita, na redio nazima. Natega sikio. Nivaldo hajagonga tena.