Chali Mpaka Kisiwa Cheusi

Watu walionikosesha bahari kwa miaka arubaini ni watatu, na nitawataja wote. Majina sitoi, maana ukoo wetu hapa Maskati ni mkubwa na kila mtu anamjua mwenziwe, lakini wakisoma watajijua.

Wa kwanza ni kaka yangu mkubwa. Nilikuwa na miaka kumi na moja, Unguja, nachupa baharini na watoto wenzangu, na nnasema bila ya kujisifu kuwa kwa mbizi hakuna aliyeniweza. Akaja akanitoa majini kwa kunishika mkono mbele ya watu, akasema mtoto wa kike mkubwa haogi hadharani. Mwaka wa pili yake tukahamia huku. Yeye huyo huyo akaamua kuwa skuli nisiende, kwa sababu Kiarabu nilikuwa sikijui na ningewekwa darasa moja na vitoto vya miaka sita, akaona aibu. Nikakaa nyumbani kwake nikamlelea wanawe. Haya ninayoyaandika nimejifunza kuyaandika ukubwani, na makosa yakiwepo mdai yeye.

Wa pili ni mume niliyepewa. Huyo alikuwa hataki mkewe hata akanyage mchanga wa pwani, watu wasije wakamuona nyayo. Nilipougua titi akachoka na hospitali mwezi wa tatu tu, akaoa kwengine. Sasa yuko Rusayl, ana ghala la vigae, na afya tele.

Wa tatu ni daktari wa zahanati moja ya kulipia, aliyeniminya uvimbe kwa vidole viwili akaniambia ni maziwa yaliyoganda. Mtoto wangu wa mwisho wakati huo alikuwa anaanza kuota ndevu. Akanipa vidonge vya maumivu, nami kwa ujinga wangu nikavimeza miezi minane.

Basi, nimeshawataja, kifua kimepungua uzito. Sasa nnaweza kusimulia siku niliyocheka mpaka mbavu zikaniuma, na hiyo khasa ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Titi la kushoto lilikatwa, na tezi za kwapani zikaenda nalo. Mkono wa upande huo ukabaki mzito, ukifika usawa wa bega unasimama hapo kama umefungwa kamba. Mwaka mzima nilikuwa nikipandisha vidole ukutani, kila siku, na kila siku vinakomea pale pale. Daktari wa hospitali kubwa aliponiambia nimepona, mwanangu wa kulea, yaani binti wa huyo huyo kaka yangu, akanijia na furaha zake. Huyu amesomea mawe chuo kikuu, analipwa kwa kutazama milima.

"Shangazi, sema unataka nini," akaniambia. "Nikupeleke umra? Nikununulie bangili?"

"Nnataka kuingia baharini," nikamwambia. "Nijue kama bado naweza kuogelea, au na hilo wamenichukulia."

Hakucheka. Aliniangalia tu, kisha akachukua simu yake. Jumamosi ile tukawa na boti ya kukodi ya kwenda kwenye visiwa vyeusi, asubuhi kwenda, alasiri kurudi. Watu tuwe watatu: yeye, mimi na mdogo wangu wa kike. Lakini khabari ikamfika kaka. Akasema wanawake hawapandi boti na mwanamme wasiyemjua, lazima na yeye aende. Na kaka mwenyewe hajui kuogelea. Tangu mdogo hajui, na hapendi litajwe.

Tukafika kwenye gati la boti, mdogo wangu kabeba sufuria ya pilau imefungwa kwa taulo, kapu la katlesi, chupa mbili za chai na sahani za udongo, za plastiki hazitaki. Nahodha alikuwa mtu wa makamo, ndevu zimeanza mvi, asili yake wavuvi wa Matrah. Alisema Kiarabu, mimi nayaandika kwa Kiswahili.

"Mama, mnahamia?" akauliza.

"Utakapokula hutouliza," akamjibu mdogo wangu.

Kaka yeye alishuka kwenye gari kanzu imepigwa pasi, kofia ya kazi ya mkono, bakora, na juu ya kanzu amevaa jaketi la boya, lile la kujiokolea. Alilinunua mwenyewe dukani. Amelifunga mikanda yote mitatu, na bahari bado iko mbali, tuko baina ya magari. Mdogo wangu akageuka upande mwengine mabega yanamtikisika.

"Kheri ujikinge, kaka," nikamwambia. "Hapa kwenye lami watu wengi wamezama."

Kwenye boti akakaa katikati akakamata chuma kwa mikono miwili, bakora kaibana kwa magoti.

Mashine ikanguruma, boti ikaanza kurukaruka, na kila ikipiga wimbi mimi nacheka. Sijui nilicheka nini. Meno yalipata upepo. Milima ya kando yetu ilikuwa myeusi, haina hata jani, imesimama ndani ya maji kama sufuria zilizotoka mekoni. Nahodha akasema, "Hii yote volkano."

"Si volkano khasa," akasema binti yetu. "Haya mawe yalikuwa chini ya sakafu ya bahari, kwenye moto, ndani kabisa. Yakasukumwa juu. Tuseme ni jikoni kwa volkano."

Kaka akafungua macho. "Na hilo jiko limezimwa?"

"Zamani, baba. Kabla hajazaliwa mtu."

"Aliyehakikisha nani?"

Mdogo wangu akaanza kucheka, mimi nikampokea, na tukiangaliana tu tunaanza upya, wanawake wawili wenye wajukuu.

Kisiwa chenyewe kilikuwa jabali jeusi, na kwenye kibavu chake pana ufuo mdogo mweupe kama mtu kamwaga unga. Nahodha akasimamisha boti mbali na ufuo, penye maji safi, akatia nanga ili wanaotaka waangalie samaki. Nikasimama nikavua abaya. Ndani nilikuwa na suruwali na kanzu fupi ya nailoni mpaka magotini, na kofia ya kuogea aliyoninunulia binti yetu, inayobana kichwa na shingo.

"Unakwenda wapi?" akauliza kaka.

"Kuoga."

"Mbele ya huyu?"

Nahodha Kiswahili hajui hata neno, lakini ile sauti aliifahamu. Akatugeuzia mgongo akainamia mashine, akaanza kuifuta kwa kitambaa, na ilikuwa safi.

"Basi vaa jaketi," akasema kaka.

"Nikivaa jaketi nitajuaje kama naweza?"

"Na mkono huo?"

Miaka miwili, hiyo ndiyo mara ya kwanza kuutaja mkono wangu. Nikachupa.

Maji yakanifunika, yakaniingia puani, na kule chini nikajisikia nacheka mapovu. Nikapanda juu. Kanzu ikajaa hewa ikanipanda mpaka kidevuni.

"Umekuwa mwavuli," akaniambia mdogo wangu.

Nikaipiga ikashuka, nikaanza kuogelea. Mkono wa kulia ukavuta vizuri kama jana tu. Wa kushoto ukatoka nusu, ukarudi. Nikavuta tena. Nikatazama mbele, niko naangalia boti. Nikavuta kwa nguvu, nikazunguka nikaangalia kisiwa, kisha boti tena. Nilikuwa nazunguka kama ngamia wa kinu cha mafuta. Mdogo wangu akajilaza juu ya sufuria ya pilau kwa kicheko, na mimi nikacheka naye, lakini ndani yake mlikuwa na kitu kingine. Kuelea naelea, nikajisemea, lakini kwenda siendi. Ndiyo jibu lenyewe hilo?

Nikaenda kwenye ngazi nitoke. Hapo tukagundua jambo ambalo watu wanne hatukulifikiria. Ngazi ile ilitaka mikono miwili. Nikajivuta kwa mmoja, nikarudi majini. Binti yetu akanishika, akateleza. Nahodha akaja hatua mbili akasimama, akamtazama kaka, maana mimi si maharimu wake, hanigusi bila ya ruhusa. Mwisho kaka akaachia chuma chake, akaja kwa magoti mpaka ukingoni, akanyoosha mkono.

"Nipe mkono wako," akasema.

Nikautazama ule mkono. Una madoa ya uzee, lakini ni ule ule.

"Ulishanitoa baharini mara moja," nikamwambia. "Leo sitoki kwa mkono wako."

Maji yanapiga ubao. Kisha akasema taratibu, "Utatokea wapi basi?"

Nikageuka nikautazama ufuo. "Nitatokea kule."

"Mbali, mama," akasema nahodha alipotafsiriwa.

"Nauona."

Nikalala chali. Kwa chali miguu ndiyo inayofanya kazi, na mkono mmoja unasaidia. Tatizo ni kuwa ukilala chali huoni unakokwenda, na mkono wangu mzima ulikuwa unanisukuma kushoto. Nahodha akang'oa nanga, akaileta boti nyuma ya miguu yangu polepole, mashine inakohoa. Nikamuona kaka anakwenda mbele ya boti kwa magoti, anakaa pale penye khatari zaidi, peke yake.

"Kulia," akaniambia.

"Kulia kwangu au kwako?"

"Kulia."

Nikaenda, nikakaribia kujipiga kwenye jabali.

"Hiyo ni kulia yako," akasema.

"Sasa wewe ulitaka ipi?"

"Nilitaka yangu, lakini niliisema kwako."

"Baba, tumia bakora," akasema binti yake. Akainua bakora. Basi nikawa naona mbingu, na bakora inayonionesha pa kwenda, na chini yake uso wa kaka yangu umekuwa rangi ya majivu. Ikiinama upande huu, nakwenda huu.

Katikati mguu ukanikamata. Msuli wa shavu la mguu ukajifunga fundo, nikasimama, nikameza maji. Nilipofuta macho nikaona kaka kainuka, keshaupitisha mguu mmoja nje ya boti.

"Unafanya nini?"

"Nakuja."

"Hujui kuogelea."

"Nnalo jaketi."

Mdogo wangu kamkamata kanzu kwa nyuma, kanzu imenyooka kama tanga, na yeye anavuta mbele, na sufuria ya pilau inateleza baina ya miguu yao, na nahodha anamwomba Mungu. Nikacheka mpaka nikanywa bahari. Wallahi, kicheko ndicho kilichoufungua ule mguu, sijui kwa dawa gani.

"Kaa chini," nikamwambia. "Kaa, unioneshe njia."

Akakaa. Bakora ikapanda tena, nami nikaifuata. Mara nikahisi kitu kimenigusa mgongoni. Mchanga. Nikabaki nimelala pale pale, mawimbi madogo yananisukuma kama mtu anayemwamsha mgonjwa kwa upole, na jabali jeusi liko juu yangu linatoa joto. Sikuinuka mpaka walipofika.

Kumsamehe sikumsamehe, nisidanganye. Siku ile nilikuwa nimeshughulika.

Tukala pilau kivulini, nahodha akala sahani tatu na hakuuliza kitu. Kaka akazungukazunguka mpaka akapata mtandao juu ya jiwe moja, akampigia mkewe aliyebaki nyumbani, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, sauti wazi, maana masikio yake hayasikii vizuri.

"Tumefika salama," akasema. "Tumeogelea mpaka kisiwani."

"Nani kaogelea?" nikauliza kutoka penye pilau.

Akanitazama na simu mkononi. Mkewe naye kule anauliza, nani, mbona sifahamu, wewe unajua kuogelea tangu lini?

"Kaogelea yeye," akasema. "Kutoka kwenye boti mpaka pwani. Mimi nilikuwa naelekeza tu."

"Na ule mkono?"

Akashuka kwenye jiwe, akaja mpaka nilipokaa. "Muulize mwenyewe," akasema.

Mkono wangu mzima ulikuwa umejaa wali. Nikamwambia anishikie simu. Akainama akanishikia, nami nikaanza tangu gatini, tangu jaketi la boya baina ya magari, na sikuacha kitu.