Mita Kumi na Mbili

Kocha wetu hakuajiriwa kuwa kocha. Aliajiriwa kufundisha jiografia, na kwa kuwa siku ya usaili alikuja amevaa raba, wakamkabidhi funguo za stoo ya mipira. Mwaka wa kumi na nne sasa anafundisha vipindi ishirini kwa wiki, na kila saa kumi jioni anapuliza filimbi. Mimi nafundisha hesabu. Meza zetu zimegusana, kwa hiyo nayajua yake, hata yale asiyoyasema.

Vyuo vikubwa vina makocha watatu, daktari, na uwanja wenye njia laini zilizopimwa na wataalamu. Sisi tuna kiwanja cha vumbi, na chokaa ya kuchorea mistari huombwa kwa barua. Halafu kila mwaka mkuu wa chuo anauliza kikaoni kwa nini wenzetu wanashinda na sisi tunaambulia patupu, kama mtu aliyemfunga mbuzi kamba fupi kisha anashangaa mbona hanenepi.

Mkuu huyohuyo, miaka miwili iliyopita, aliamua kuwa magari ya walimu yanataka kivuli. Banda likajengwa kwenye kona ya kiwanja, likamega njia ya kukimbilia. Kocha akasogeza mstari ndani, akakadiria kwa hatua zake, akaniomba nije na futi kamba tupime. Nikamwambia kesho. Akaniomba tena mara mbili, nikasema kesho. Na gari langu nilikuwa naliegesha palepale.

Mwaka huu alimpata binti mmoja ambaye wenzake walimbandika jina la Kimya. Ili achaguliwe timu ya taifa ya vyuo, alitakiwa kukimbia mita elfu moja na mia tano kwa dakika nne na sekunde ishirini na tano. Kiwanjani kwetu alitumia nne na ishirini na mbili, tena mara tatu. Wiki ile Kocha alikuwa anacheka hata na mlinzi wa getini, ambaye hawaivi naye.

Mashindano yakafanyika kwenye uwanja wa chuo kikubwa. Kimya akamaliza kwa nne na thelathini. Ndani ya basi Kocha alishindwa kujizuia, akamwambia mbele ya wenzake wote, "Miguu unayo. Moyo ndio huna. Umeona wakubwa, ukanywea."

Kesho yake binti akarudisha viatu stoo. Akasema hakimbii tena.

Zile sekunde nane zilinikosesha raha, maana hata wakimbiaji wa mwaka jana walichelewa hivyohivyo ugenini. Jumamosi nikachukua futi kamba, nikamwita Kocha, tukapima. Mzunguko wetu ulikuwa mita mia tatu themanini na nane badala ya mia nne. Mizunguko mitatu na robo tatu inapungukiwa mita arobaini na tano, na kwa mkimbiaji kama Kimya hizo ni sekunde nane.

Kocha alikaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya kazini. Hakunilaumu hata kwa neno, na hilo liliniuma kuliko matusi. Majuto ni mjukuu. Wangu walifika siku ile wote kwa mkupuo.

Tulimkuta binti maktaba. Kocha hakukaa.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Hukuogopa. Kiwanja chetu ni kifupi, nami sikupima."

Nami nikasema kwamba mwenye futi kamba nilikuwa mimi. Binti alimsikiliza kila mmoja wetu mpaka mwisho. Akafunga daftari lake.

"Na wale wa mwaka jana, Mwalimu? Uliowaambia maneno hayohayo, ukawatoa kwenye timu?"

Kocha alianza kuhesabu kwa vidole, midomo ikitaja majina bila sauti. Alipomaliza mkono mmoja akahamia wa pili.

"Tisa," alisema. "Wote wameshamaliza chuo. Namba za simu ninazo za wawili."