Nani Alipika Nyumbani Kwenu: Miaka Yangu ya Kuwaandikia Wauaji

Tarehe kumi na nne Mei, Jumapili asubuhi, mdogo wangu Idi alikwenda kuvua samaki kwenye majabali ya kusini mwa jiji la Sydney, na wimbi likamchukua. Wenzake walirudi na ndoo yake na viatu vyake. Helikopta ilizunguka kwa siku kadhaa, kisha polisi wakatuambia kwa upole kwamba msako umesimamishwa. Tulimswalia sala ya maiti asiyekuwepo, tukaanua matanga nyumbani kwangu Rooty Hill bila kaburi. Nayasema haya mwanzoni kwa sababu kazi nitakayoieleza niliianza baada ya hapo, na sikuifanya hata siku moja bila Idi kichwani mwangu.

Aliyenitafutia kazi hiyo ni rafiki yangu Wanjiku, muuguzi Mkenya anayekaa Quakers Hill. Aliniambia kuna ofisi ndogo karibu na stesheni inatafuta mtu wa kufungua barua. Nilikuwa nimesafisha nyumba za wazee kwa miaka mingi na magoti yalianza kunikataa. Shule yangu ni ya darasa la saba, Tanga, na Kiingereza nilijifunza kwenye madarasa ya wahamiaji kule Fairfield. Sikuuliza ni barua za nani.

Siku ya kwanza Mkurugenzi alinipokea mwenyewe. Alikuwa mama wa makamo, mtaalamu wa saikolojia aliyefanya kazi magerezani tangu ujana wake. Aliniwekea kiti, akaniambia barua zile zinatoka kwa watu walioua, tena si mara moja, bali mmoja baada ya mwingine mpaka walipokamatwa. Nikitaka kuondoka niondoke sasa, atanilipa ya siku hiyo.

Nikamuuliza kama wanajua ninapokaa.

"Hawajui," akasema, "na kazi yako ya kwanza ni kuhakikisha hawatajua."

Nikavua koti.

Wanjiku alipojua ninachofanya alicheka, kisha akaacha kucheka. "Wenzako hutafuta wachumba kwa barua, Zuhura. Wewe umejipatia hao?"

Nawaeleza ninyi vijana jinsi kazi ilivyokuwa, kwa kuwa watu hufikiri tulikuwa tukipiga soga na wauaji. Ofisi ilikusanya habari za utotoni mwao, ili walimu na maofisa wa ustawi wa jamii wajue mtoto aliye hatarini anafananaje. Kila mmoja wetu alikuwa na jina la barua, yaani jina la kuandikia tu. Langu lilikuwa Rose. Kabla barua haijatoka tuliisafisha: tunaondoa jina la mtaa, treni, dini, mtoto, hali ya hewa hata, kwa sababu mtu aliyefungiwa ana muda wa kuunganisha vipande. Barua iliyoingia tuliilaza. Kulaza barua ni kuisoma, kuiweka, na kutoijibu siku hiyo hata kama jibu liko mdomoni. Na tulifundishwa kutambua chambo. Hilo ni neno moja lililowekwa katikati ya barua nzuri ili wewe ushtuke na yeye ajue umeshtuka. Mmoja aliniandikia ukurasa mzima kuhusu bustani ya shangazi yake, na katikati akaniuliza kama nywele zangu ni ndefu. Nikamjibu habari za bustani.

Kanuni kubwa kuliko zote ilikuwa kutouliza habari za mauaji. Wengi wao walipenda kuulizwa, walikuwa wamezoea kuwasimulia madaktari na wanasheria. Sisi tuliuliza nyumba. Nani alikuwa anapika nyumbani kwenu? Mlango ulifungwa na nani? Wewe ulilala wapi? Maswali hayo hayakunishinda kuyauliza, maana nilikotoka huwezi kumweleza mtu shida yako kabla hujamuuliza habari za nyumbani kwake.

Baada ya mwaka wa kufungua bahasha nilipandishwa kuwa mwandishi, na nikapewa watu watatu. Wawili sitawazungumzia. Wa tatu nitamwita Ray, ingawa silo jina lake. Aliua wanawake wanne. Watatu walipatikana. Wa nne, Esperansi, binti Mrundi aliyekuwa akifanya kazi kiwandani Fairfield, hakupatikana, na Ray hakuwahi kusema alimweka wapi.

Ray aliandika vizuri, kwa herufi ndogo zilizonyooka. Mama yake alikuwa akipokea wanaume, na wanaume wakija mtoto alitolewa nje akalale kwenye banda la kuku. Bibi yake, mama mzaa mama, aliishi upande wa pili wa uzio, na alimpitishia chakula kwenye tundu la waya. Ndiye aliyepika. Hakuna mwingine aliyepika. Niliposoma habari za banda lile nilimhurumia yule mtoto mpaka nikasimama dirishani. Mkurugenzi akaniambia, "Mhurumie mtoto. Na usimsahau aliyekua." Wapo waliolala kwenye mabanda mabaya kuliko lile na hawakumgusa mtu, nami niliwafahamu baadhi yao. Kwa hiyo sikusema kamwe kwamba banda ndilo lililoua.

Mwaka wa pili mama yake Esperansi alianza kuja ofisini. Alikuwa amesikia tunaandikiana na Ray. Mkurugenzi aliniita nitafsiri, na tangu siku hiyo nikawa katikati. Asubuhi namwandikia yule, mchana namsikiliza huyu. Mama Esperansi hakulia mbele yetu. Alikaa na mkoba wake magotini, akasema Kiswahili cha kwao, chenye Kifaransa ndani yake.

"Mi sitaki kujua namna gani alifanya. Bon, hiyo abaki nayo. Nataka pahali tu, mwanangu. Pahali."

Nilimwelewa kuliko nilivyoweza kumwambia, kwa kuwa kanuni ilikataza kuleta maisha yetu ofisini. Lakini siku moja nilimsindikiza stesheni, nikamsimulia habari za Idi. Akanishika mkono mpaka treni ilipofika.

Kisha mapafu ya Ray yakaharibika. Alihamishiwa gereza lenye wodi, na daktari wa gereza akasema hana mwaka. Polisi walijua kila tulichoandikiana naye, na Mpelelezi aliyeshika faili la Esperansi akaanza kutupigia simu kila juma. Tulikuwa tunakimbizana na kifo cha mtu ambaye wengi walimtakia afe.

Ndipo ikaja barua fupi. Bibi yake Ray alikuwa amefariki, naye kaambiwa na mlinzi, mlangoni, kama mtu anayeambiwa chakula kimebadilishwa. Niliilaza barua ile. Niliitazama kama chambo, nikaigeuza, sikuona ndoano. Siku ya pili nikaandika mistari miwili. Nilimpa pole kwa kufiwa na bibi yake aliyempikia, na nikamwambia simuulizi kitu juma hilo. Kwetu mtu akifiwa unakwenda, unakaa, na neno lingine lolote unaliacha nje ya mlango.

Mkurugenzi aliisoma kama alivyosoma barua zetu zote, akaishika muda mrefu.

"Unampa pole mtu yule?"

"Amefiwa."

"Unajua mama wa Esperansi akiiona atasemaje?"

Nikasema sijui. Akaitia kwenye bahasha kwa mkono wake. Mpaka leo sijui kama aliniamini au alichoka.

Jibu la Ray lilikuwa swali moja: bibi amezikwa wapi? Manispaa ya mji wao mdogo ilimzika bila ndugu, na gereza halikumwambia.

Mpelelezi alilipata kaburi kwa simu moja tu. Alikuja ofisini amechangamka, akasema hii ndiyo nafasi, kaburi kwa kaburi: asiambiwe neno mpaka atoe la kwake. Lilikuwa wazo la mtu mwenye akili, na huenda kila mpelelezi angelisema. Mimi sikulipenda. Mkurugenzi alitutazama wote wawili, akaniambia niende Fairfield nikamuulize mwenye msiba.

Nilimkuta Mama Esperansi jikoni anachambua maharage. Nilimweleza yote, na ile pole niliyompa Ray pia, kwa sababu nisingeweza kumuuliza lile nikamficha hili. Mikono yake ilisimama.

"Ulimpa pole."

"Ndiyo, Mama."

"Asiambiwe," akasema. "Akae vile mimi nimekaa. Na wewe enda."

Nikaenda. Nilipanda treni nikapitiliza kituo changu. Siku zilizofuata Mpelelezi alijiandaa kwa mpango wake, Ray akaandika tena swali lile lile, na wodini wakampa mashine ya hewa.

Jumamosi simu yangu ililia. Mama Esperansi hakunisalimia.

"Umpe. Umwambie yote, vile iko, bure. Kuficha mtu kaburi, hiyo ni kazi yake yeye. Mi siwezi kuwa yeye."

Mpelelezi alikasirika, na hasira yake niliiona ina haki. Alisema tunatupa kitu cha pekee tulichonacho. Mkurugenzi akamjibu kwamba si chetu. Kwa mara ya kwanza niliandikiwa kibali cha kumtembelea mfungwa, kwa kuwa nilimwambia Mkurugenzi habari za kaburi haziandikwi, zinapelekwa.

Ray alikuwa mdogo kuliko mwandiko wake. Alikaa ng'ambo ya meza na mrija puani, mlinzi nyuma yake. Nilimwambia bibi amelala kwenye makaburi ya mji wao, upande wa uzio, chini ya mikaratusi, hana jiwe ila kibao chenye namba. Alifumba macho. Kisha akaniuliza nani kanituma.

"Mama yake Esperansi."

Jina hilo hatukuwahi kulitaja katika barua. Alifumbua macho, akanitazama nywele, mikono, koti, akaniangalia kote kama anayepima kitambaa.

"Anataka nini?"

"Amesema nikuambie bure."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mjinga huyo," akasema. Akamwita mlinzi, akaondoka bila kugeuka.

Yakapita majuma. Barua haikuja. Mpelelezi alipiga simu kuuliza kama nimeridhika. Mama Esperansi hakupiga kabisa. Wanjiku alileta chakula, akanitazama nikila, akasema nimekonda na kwamba kazi yenyewe nimwachie shetani aandikiane na watu wake. Kila bahasha iliyoingia niliigeuza kwanza kutazama herufi ndogo zilizonyooka.

Gereza lilipopiga simu, lilisema mfungwa anamtaka yule mama aliyekuja. Safari hii alikuwa kitandani. Hakunitazama. Alisema kwa sauti ya chini, akipumzika kila baada ya maneno machache, jina la shamba la kuku alilowahi kufanyia kazi ujanani, nje ya jiji.

"Nyuma ya banda la mwisho," akasema. "Upande wa waya."

Polisi walikuwa wamechimba shamba lile zamani, kandokando ya bwawa. Nyuma ya mabanda hakuna aliyechimba. Mimi nilikuwa nimeandikiana na Ray habari za banda la kuku kwa miaka miwili, na sikuwahi kuliweka banda moja kando ya lingine. Mpelelezi naye alisema hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu anayejiambia mwenyewe.

Kwa nini alisema, sijui. Mkurugenzi alifikiri ni kifo kilichomsogelea. Wanjiku alisema ni Mungu. Mimi nilikuwepo pale, na sikuona kitu usoni mwake. Ray alikufa kabla polisi hawajamaliza kumtoa Esperansi pale alipotaja. Mkurugenzi aliniuliza kama yuko mtu wa kuandikiwa pole, tukatafuta, hakuwepo.

Niliendelea na kazi mpaka Mkurugenzi alipostaafu na ofisi ikafungwa, nami nikastaafu naye. Ninyi vijana mnaniuliza kama nilijifunza jinsi muuaji anavyotengenezwa. Nilijifunza nyumba nyingi zilivyo ndani, na kwamba mtoto akilala nje jirani hujua. Hilo la jirani ningependa mlishike. Mengine waulizeni waliosoma.

Esperansi alizikwa siku ya jua kali, kwenye makaburi ya magharibi ya jiji, na Warundi wa Fairfield waliimba kwa lugha ya kwao. Mpelelezi alisimama nyuma amevua kofia. Mimi nilisimama karibu naye, kwa kuwa sikujua kama Mama Esperansi ananitaka mbele. Watu walipoanza kutupa udongo, alinyoosha shingo akanitafuta, akaja mpaka niliposimama. Aliniwekea udongo kiganjani, halafu akachota mwingine akauongeza juu yake.

"Hii ya mtoto wangu," akasema. "Na hii ya ndugu yako. Njoo."

Nikaenda naye mpaka ukingoni, nikautupa wote pamoja.