Mayai ya Bata wa Mtoni

Mto unaopita chini ya shamba letu, huku Kieni, ulikuwa na wenyewe, na wenyewe si sisi. Walikuwa bata wawili weusi, dume na jike, wenye madoa meupe mgongoni na miguu ya rangi ya machungwa. Bata hawa hawapendi makundi. Wawili hushika kipande cha mto, pale maji yanapokimbia juu ya mawe, na hapo huishi mwaka mzima wakimfukuza kila bata mgeni. Chakula chao ni wadudu walio chini ya mawe. Mama aliwajua kuliko alivyowajua majirani. Tangu tumzike baba, alishuka kila jioni kuwatazama, na akirudi alinieleza walivyoshinda kana kwamba ametoka kumtembelea dada yake.

Mwaka huu jike alitaga ndani ya nepia yetu, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe, karibu na maji. Mama akawakatia ng'ombe kushoto na kulia, akaacha kichaka kimoja kimesimama katikati. Ng'ombe walikonda na kichaka hakikuguswa.

Kisha mvua ikakawia. Wenzetu wa juu wakaziba mto kwa magunia ya mchanga, wakaweka pampu kumwagilia vitunguu na kabeji za soko la Chaka. Nilipanda kuwaomba waachie maji kidogo. Walinicheka.

"Ati bata? Uko na ng'ombe iko na kiu na unalilia bata?"

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Hawakuwahi kulima chini ya watu wenye pampu.

Mto ukawa vidimbwi, vidimbwi vikawa matope. Dume akaondoka. Jike aliendelea kuatamia, lakini ilibidi aende mbali kutafuta chakula, na kila siku alichelewa zaidi kurudi. Asubuhi moja mama aliyagusa mayai akakuta yamepoa.

Kwetu, yai lililoachwa lina dawa moja tu: kuku. Kila mama wa hapa amewahi kumwekea kuku mayai ya bata wa kufugwa, na vifaranga wakakua uani wakila unga. Mama akayabeba kwenye aproni yake akayaweka chini ya kuku aliyekuwa akiatamia.

"Na mwenyewe akirudi?" nikamuuliza.

"Baba, hii mto imekufa," alisema. Huniita baba kwa kuwa nina jina la baba yake. "Atarudi kufanya nini?"

Jioni jike akarudi. Aliingia kwenye nepia, akatoka, akaingia tena. Kisha akasimama juu ya mawe makavu akiita. Mama alimsikia akiwa jikoni.

"Nikirudisha, itapoa tena," alisema. Sikuwa nimemuuliza.

Vifaranga walianguliwa wote, na siku ile mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kuku alipekua vumbi akiwaita waje wale, nao wakamtazama tu. Unga hawakuutaka. Walisongamana chini ya mfereji wa tangi unaovuja, wakidonoa jiwe lenye unyevu. Mama aliwawekea karai la maji na mawe ya mtoni ndani yake. Wakafa mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho alimfia mkononi. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Siku chache baadaye mvua ikanyesha. Magunia yakasombwa, mto ukajaa, na bata wote wawili wakarudi kwenye kipande chao. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi naona jike akipanda ukingo kila jioni, anaingia kwenye kile kichaka, anatoka, anasimama akiita. Nilitaka kukikata. Mama akaninyang'anya panga.

Hashuki tena mtoni. Jioni ikifika hufunga mlango wa jikoni na kuongeza sauti ya redio. Baadaye huizima na kuniangalia.

"Baba, bado anaita?"

Namwambia hapana.