Wifi Yangu, Mtega Moshi wa Baharini

Mtaani kwetu wifi yangu anaitwa Mtega Moshi, na jina hilo alipewa kwa kumcheka. Mwanamke mzima, mjane, kila Jumatatu anapanda kilima na mkoba begani, anavaa glavu, anatoa karatasi ya duara kwenye sanduku la bati, anaweka nyingine, anashuka. Basi. Walimwuliza kama huo moshi anaoutega anauuza kwa kilo au kwa debe. Yeye hucheka nao, kisha hushika njia yake. Mimi nimeishi naye nyumba moja tangu alipofiwa na mumewe, chumba chake kinatazamana na jiko langu. Nisiposimulia habari zake mimi, sijui atazisimulia nani.

Kazi alianzia kwa ufagio. Alikuwa mfagiaji katika ofisi ya hali ya hewa kule juu, kilima kinapoishia na bahari kuanza. Wataalamu walipoleta mtambo wao walitafuta mtu wa kuutunza, wakamwona wifi anavyofuta meza mpaka miguu ya meza, wakasema huyu huyu. Wakamfundisha, naye akaja kunifundisha mimi tukimenya vitunguu. Ng'ambo ya bahari, mbali kabisa, kuna misitu na mashamba yanayoungua msimu wa kiangazi. Moshi wake hauishii kwao. Unapanda juu, unachukuliwa na upepo, unavuka maji yote yale siku na siku, mwisho unatua kwetu, kwenye vifua vyetu na kwenye nguo tulizoanika. Mtambo unavuta hewa, hewa inapita kwenye karatasi, uchafu unabaki, na karatasi inapelekwa maabara ikapimwe. Nikamwuliza, yaani moshi unavuka bahari bila nauli? Akaniambia hata viza hauombi.

Ila moshi wa kuni ni moshi wa kuni, uwe wa msitu wa ng'ambo au wa jiko la jirani, na karatasi haiwezi kuuuliza umetoka wapi. Anayejua ni upepo. Ndiyo maana juu ya lile sanduku kuna mshale unaogeuka. Upepo ukitoka baharini, pampu inavuta. Ukigeuka ukatoka mjini, pampu inajizima yenyewe, inalala, inangoja. Wifi alikuwa akisema mtambo wake una adabu kuliko watu wengi, kwa sababu hausikilizi umbea wa mtaani.

Sasa mume wangu, ambaye ni kaka yake, ni mwokaji mikate. Watu humwita Mzee Mikate. Tanuri lake la kuni liko mwanzo wa barabara yetu, alirithi kwa baba yao. Baba alipofariki wifi alikuwa bado mtoto wa kubebwa, na ni kweli alibebwa: kaka yake alimfunga mgongoni kwa shuka akasambaza mikate madukani, huku mtoto anamtafunia kola ya shati. Alimsomesha kwa mikate hiyo hiyo. Haya nayasema ili msikie uzito wa yaliyofuata.

Mwaka ule ukungu mkavu ulitulalia vibaya. Jua lilikuwa kama sahani ya shaba iliyokosa kusuguliwa, wazee walikohoa, tukaanua mashuka yenye madoa meusi. Halmashauri ikaanza kutafuta mwenye kosa, na macho yakaenda kwenye matanuri ya mikate, maana bomba la moshi linaonekana na kila mtu. Ikatangazwa kwamba baraza litakaa. Ikithibitika kuwa ukungu ni wa matanuri, yatafungwa yote. Wakasema pia watangoja majibu ya mtambo wa kilimani. Kwa hiyo riziki ya nyumba yetu ikawa juu ya karatasi za wifi. Niliswali, nikaomba, nikamwachia Mungu, lakini usingizi wangu haukuwa mzuri.

Katikati ya hayo wifi akashikwa na jino. Shavu lilimvimba mpaka jicho likafumba. Siku moja upepo ulivuma kwa nguvu, akamwomba kaka yake apande tu kuangalia kama mfuniko wa sanduku umekaa. Aangalie, arudi. Mume wangu akaenda bila kunung'unika, aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyefanya la maana.

"Mdogo wangu, leo ungefukuzwa kazi," akasema, huku anavuta kiti. "Mtambo wako nimeukuta umezimika kimya. Nikafungua pembeni, nikaona swichi, nikauwasha. Sasa unanguruma vizuri kabisa."

Wifi aliweka kikombe chini. Alizungumza kwa upande mmoja wa mdomo.

"Kaka, upepo ulikuwa unatoka wapi?"

"Nyuma yangu. Kutoka mjini. Mpaka nilisikia harufu ya mkate wangu mwenyewe kule juu, ukanukia vizuri."

Ile swichi ni ya mafundi wakija kujaribu pampu. Ukiiwasha, pampu haimsikilizi mshale tena. Mtambo ulikuwa umelala kama ulivyoagizwa, naye akauamsha na kuulisha moshi wa tanuri lake. Sikujua nicheke au nilie. Wifi alikuwa keshafunga kitambaa kichwani. Nilimfuata, tukapanda kilima yeye ameshika shavu na mimi nimeshika mkoba. Alizima, akavaa glavu, akasimama upande ule upepo unakokwenda ili vumbi la nguo zake lisiingie, akaitoa karatasi kwa kibano. Ilikuwa nyeusi kama sufuria la kambi. Akaweka mpya, akaacha pampu imsikilize mshale wake, tukashuka.

Ni mume wangu aliyeelewa kabla yangu. Jioni, alipokwisha kuelezwa, alikaa akipangusa unga kwenye vidole, halafu akauliza taratibu: hiyo karatasi ikienda hivyo ilivyo, watu wa maabara watasema uchafu wote umetoka wapi? Wifi akajibu, baharini. Wote? Wote. Mume wangu akanitazama mimi, akatazama mlango.

"Basi Mungu ameshatusaidia," akasema. "Anayejua nani? Mimi, wewe na huyu mke wangu. Mke wangu hasemi."

Wifi alisema Mungu asisingiziwe swichi. Kisha akamweleza kwa upole kwamba wanaoipima karatasi ile hawajawahi kumwona hata uso. Wanaamini mikono yake tu, na hana kingine cha kuwapa.

"Nilikubeba mgongoni," mume wangu akasema. Hakupandisha sauti.

"Ulinibeba, kaka. Ndiyo maana nalia. Lakini simu nitapiga."

Akapiga pale pale, mbele yetu, machozi yanapita juu ya lile shavu lililovimba. Akamwambia mtaalamu karatasi hii itupwe, na sababu yake ni hii, na aliyewasha ni kaka yangu mwenye tanuri. Mimi nilikuwa nimesimama kati ya mume na wifi, nikiwapenda wote wawili. Niseme kweli, saa ile nilitamani simu ikose mtandao.

Kaka mtu aliacha kuzungumza naye. Hakumtukana, hakumfukuza. Alfajiri mkate wake wifi ulikuwepo mezani kama kawaida, umefunikwa kwa kitambaa, ila ulifika bila salamu. Na ukungu ukaendelea. Jino lilipong'olewa wifi akarudi kilimani, Jumatatu kwa Jumatatu, mpaka siku ya baraza.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mtaalamu, mwanamama mwembamba mwenye sauti ndogo, akaeleza kwamba mtambo mwingine ulioko kisiwani, katikati ya bahari, ulinasa moshi ule ule siku chache kabla haujatufikia sisi. Walipolinganisha kipimo cha kilimani na kile cha mtambo wa sokoni, unaovuta hewa ya kila upande, wakaona zaidi ya nusu ya ukungu ule ulikuja na upepo wa bahari. Unaobaki, akasema, ni wetu wenyewe: matanuri, magari, taka zinazochomwa nyuma ya nyumba. Watu wakaanza kunong'ona. Ndipo diwani mmoja akanyanyuka, akakohoa, akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo rohoni.

"Huyo mama anayetunza mtambo si dada wa mwenye tanuri? Tutajuaje hakumfaa ndugu yake?"

Mtaalamu hakukasirika. Alisema ndiyo, ni dadake. Kisha akasema kuna wiki moja haimo katika hesabu zile, kwa sababu mama huyo mwenyewe alimpigia simu kusema karatasi imeingia moshi wa mjini, akamtaja ndugu yake kwamba ndiye aliyewasha pampu.

"Karatasi ile," akaongeza, "ndiyo ingemfaa kaka yake kuliko nyingine zote. Nimeitupa kwa sababu yeye alisema niitupe."

Wifi alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua pindo la kanga. Halafu nikasikia kiti kinaburuzwa nyuma yangu. Mume wangu alikuwa amesimama, kofia mkononi, unga bado masikioni.

"Aliyewasha ni mimi," akasema. "Nikamwomba anyamaze, akakataa. Mdogo wangu, tumbo moja. Kama mimi hakunifichia, diwani, wewe atakufichia nini?"

Watu walicheka, diwani naye akacheka, akakaa. Mume wangu hakukaa. Alipita katikati ya viti, watu wakivuta magoti kumpisha, akaenda kusimama kando ya dada yake. Nimeishi na mwanamume huyo miaka mingi. Nimemwona akizika mzazi, nimemwona akipokea watoto wake mikononi, lakini sijawahi kumwona amesimama vile. Nikamshukuru Mungu aliyenioza nyumba ile.

Matanuri hayakufungwa. Waokaji waliagizwa kurefusha mabomba na kuacha kuni mbichi, na mume wangu alikuwa wa kwanza kurefusha. Siku hizi mteja hachukui mkate wake kabla hajasikia habari za dada mtu na bahari nzima aliyoitia kwenye sanduku. Wiki iliyopita alikuwa anamhubiria mama mmoja kwamba ukungu wote ule ulikuwa wa ng'ambo, wote kabisa.

"Si wote, kaka," wifi akasema kutoka nyuma, anapanga trei. "Wako nao umo."

"Umo," mume wangu akamkubalia, akimfungia mama yule mkate. "Umemsikia? Hata kwangu hapunguzi."